Siku saba kwenye lundo la kifusi, tunatafuta mabwawa ya maji ya mvua yakae wapi

Siku ya 1

Nimefika saiti asubuhi mapema na mchoro umekunjwa ndani ya bomba, mchoro wenyewe una bwawa moja tu, kubwa, limekaa kona ya chini kabisa ambako maji yote ya eneo yanatakiwa yaishie. Mgodi huu wa shimo wazi umeshaacha kuchimba. Kilichobaki ni kurudisha ardhi, yaani kusawazisha malundo ya kifusi, kurudishia udongo wa juu, kupanda majani na miti, na kuhakikisha maji ya mvua yanayotoka hapa hayabebi tope kwenda mtoni. Hiyo ya mwisho ndo kazi iliyonileta.

Mchoro sikuuchora mimi. Nimepewa niuhakiki alafu niweke pegi, siku saba. Sasa mi nina tabia moja siwezi kuiacha, sifungui kompyuta kabla sijatembea njia ya maji kwa miguu kuanzia juu mpaka chini. Kwa hiyo leo yote tumetembea, mimi, dada sevea na mzee mmoja opereta wa buldoza ambaye amesukuma hiki kifusi miaka mingi kuliko mtu yeyote aliyebaki hapa, huyo ukimsikiliza unapata vitu ambavyo ripoti haina.

Mzee akanionyesha kwenye ile kona ya bwawa. "Injinia, hapa unaposimama chini yake kuna mita kumi na kitu za kifusi, nilimwaga mwenyewe." Nikauliza kilishindiliwa? Akasema hapana, kilimwagwa tu kutoka juu. Hilo nimeliandika kwa herufi kubwa kwenye daftari. Kifusi kilichomwagwa bila kushindiliwa kinaendelea kutitia kwa miaka, tena hakititii sawasawa, huku kinashuka sentimita tano kule arobaini, na ukiweka bwawa juu yake sakafu inapasuka, maji yanapenya kwenye lundo, na hapo hujui yatatokea wapi.

Jioni nimechota maji ya dimbwi moja la chini kwenye chupa ya lita moja, nikaitikisa, nikaiweka dirishani. Yana rangi ya kahawia nzito, ukiweka kidole nyuma ya chupa hukioni.

Siku ya 2

Siku ya udongo. Tumechimba mashimo tisa kwa ogeri ya mkono, ile keekee ya kutobolea ardhi, sitayaelezea yote, mengi ni mawe na vumbi. La muhimu ni udongo wa mfinyanzi ule ambao mchoro unasema ndo utatumika kujenga tuta la bwawa na kuziba sakafu.

Kuna kipimo kimoja rahisi sana ambacho naona watu wanakiruka na baadae wanalia. Unachukua kibonge cha udongo, kidogo kama punje ya hindi, unakidondosha kwenye sahani nyeupe yenye maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale ya betri, sio ya bomba maana ya bomba yana chumvi itakayokudanganya. Alafu usiguse. Unakaa unaangalia. Udongo mzuri utabomoka uwe kichungu kidogo lakini maji yanabaki maangavu. Wa kwetu ulikaa kama dakika mbili hauna shida, alafu pembeni yake pakaanza kutoka kitu kama moshi, wingu jembamba la maziwa likitambaa chini kwenye sahani, na baada ya dakika kumi sahani nzima haionekani chini. Dada sevea akainama akasema "mbona unayeyuka?" Ndo hivyo, huu ni udongo unaotawanyika. Una sodiamu nyingi, chembe zake zinasukumana badala ya kushikana, kwa hiyo maji yakipata ufa mdogo tu ndani ya tuta yanachukua chembe moja moja mpaka ufa unakuwa bomba na bomba linakuwa handaki. Tuta kwa nje linaonekana zima kabisa mpaka siku linapoporomoka.

Dawa yake ipo, jasi. Kalsiamu iliyomo kwenye jasi inaondoa sodiamu na kukaa mahali pake, chembe zinashikana tena. Lakini lazima ichanganywe vizuri kwenye kila tabaka, ukimwaga juu juu umepoteza muda.

Chupa ya dirishani: mchanga umetulia chini, kama sentimita moja. Juu bado kahawia.

Siku ya 3

Leo ndo nimefungua kompyuta.

Eneo linaloleta maji ni hekta 27, ila hekta 9 kati ya hizo ni kilima cha juu ambacho hakijawahi kuguswa, kina miti yake na majani yake, maji yake ni masafi. Mchoro unayaingiza yote bwawani! Kwa nini uchafue maji masafi alafu uanze kuhangaika kuyasafisha? Mfereji mmoja wa kukinga pale juu, unazunguka lundo, maji ya kilima yanaenda zake mtoni. Zinabaki hekta 18 za kifusi.

Hesabu ya kasi ya maji ya mvua ni ile fomula ya zamani, unachukua sehemu ya mvua inayotiririka, mara ukali wa mvua wa milimita kwa saa, mara idadi ya hekta, unagawa kwa 360, unapata mita za ujazo kwa sekunde. Nimechukua 0.6 maana kifusi kipya hakinyonyi vizuri, mvua ya mm 60 kwa saa, hekta 18. Inakuja 1.8. Mita moja na pointi nane za ujazo kila sekunde, hiyo ni karibu tani mbili za maji kila ukipepesa jicho.

Sasa hapa ndo penye jambo lenyewe na naomba nilikalie kidogo. Watu wengi wanadhani bwawa la kutuliza tope linapimwa kwa ujazo tu, limeze maji mengi basi. Ujazo unahitajika kweli, lakini kinachoamua tope linabaki au linapita ni eneo la uso wa maji ukilinganisha na kasi ya maji yanayotoka. Fikiria chembe moja imeingia upande huu, inaelea kuelekea mlango wa kutokea na wakati huohuo inazama, kama itagusa chini kabla haijafika mlangoni umeishika, kama bado imekukimbia. Kina kirefu hakikusaidii sana hapo, kwa sababu bwawa likienda chini sana chembe nayo inakuwa na safari ndefu ya kuzama.

Na kuzama kwenyewe ukubwa wa chembe ndo unaamua, tena kwa ukali: chembe ikiwa nusu ya nyingine inazama mara nne polepole zaidi. Kwenye maji ya nyuzi 20 chembe ya milimita 0.02 inazama kama milimita 0.36 kwa sekunde. Ya 0.002, ambayo ndo mfinyanzi, ni mara mia polepole, inashuka kama sentimita 31 kwa siku nzima. Kwa siku!

Basi nikaweka kwenye hesabu pamoja na asilimia 20 ya usalama. Maji yakipita moja kwa moja kwa 1.8, ili ushike chembe ya 0.02 unahitaji mita za mraba 6,000. Lakini ukiyazuia, ukayaachia taratibu kwa 0.05, chembe ileile unaishika kwenye mita za mraba 170 hivi, na ya 0.005 kwenye 2,700. Mfinyanzi wa 0.002 bado unadai karibu 16,700, zaidi ya hekta moja na nusu, na hapo tumeshapunguza kasi mara 36. Kwa mvua ya mm 100 kwa siku zinatiririka kama mita za ujazo 9,900, kwa kasi ya 0.05 bwawa linamwaga ndani ya masaa 55. Hiyo inakubalika, unataka liwe limepata nafasi kabla mvua nyingine haijaja.

Nikaangalia chupa usiku. Siku ya pili hii kamili imekaa bila kuguswa na maji ndani yake yana kina cha sentimita 22. Kama ingekuwa mfinyanzi wa kawaida ungeshashuka wote. Bado kahawia, imepungua kidogo tu. Ni ule udongo wa sahani, uko humu ndani, chembe ni ndogo kuliko hata hizo nilizopigia hesabu na zinasukumana hazitaki kushuka. Bwawa la ukubwa wowote halitausafisha. Nimekaa na hilo jambo muda mrefu kabla ya kulala.

Siku ya 4

Mvua.

Ilianza saa nane mchana, nilikuwa juu ya lundo na mzee, na badala ya kukimbilia kontena tukavaa makoti tukabaki, maana mvua moja ukiwa umesimama ndani yake inakufundisha kuliko wiki nzima ya ramani. Kipimamvua kilisoma mm 31 kwa dakika 40.

Mteremko wa lundo umekatwa matuta ya kontua, kama ngazi, sita kutoka juu hadi chini, yamenyooka kabisa. Dakika kumi za kwanza yalifanya kazi vizuri, kila tuta limeshika maji yake. Alafu nikaona tuta la juu kabisa katikati yake maji yamejaa kuliko pembeni, yanameta, na pale yalipojaa ukingo wake ukaanza kutoa uzi mwembamba wa maji kuteremka chini. Uzi tu, upana wa kidole. Mzee akasema "lile linaondoka." Hata hakumaliza vizuri, uzi ukawa upana wa kiganja, ukawa wa mlango, tuta la juu likamwagika lote kwa mara moja juu ya tuta la pili ambalo lilikuwa limejaa tayari, nalo likaenda, na la tatu, na lilipofika la sita haikuwa maji tena ilikuwa uji wa kahawia wenye mawe ya ukubwa wa kichwa cha mtu yanagongana, sauti yake unaisikia kifuani. Kutoka uzi wa kwanza mpaka chini ni kama dakika sita. Limebaki korongo ambalo naingia mpaka kiunoni.

Hakuna aliyeumia, chini hapakuwa na mtu. Ila nilitetemeka.

Mvua ilipoisha dada sevea akapima tuta la juu, katikati limetitia sentimita 35 kuliko ncha zake. Lilijengwa likiwa sawa kabisa kwa leveli, kifusi chini yake ndo kimeshuka, kila mvua ikawa inakusanyikia hapohapo.

Nimeandika kwenye daftari: bwawa la chini lingejazwa tope na mteremko huu ndani ya misimu miwili. Tatizo linaanzia juu.

Siku ya 5

Kufuata korongo jipya. Kama nusu ya mteremko, pale lilipokata ndani zaidi, kuna maji yanavuja yenye rangi ya chungwa, mawe yamepakwa kitu kama kutu laini. Karatasi ya kupimia ikasoma pH kama 3 (pH ni kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi inazidi), nikarudia na mita, 3.1. Ukilinganisha na maji ya kawaida ya 7 hiyo ni asidi karibu mara elfu nane zaidi.

Ni pirita, jiwe lenye chuma na salfa, linang'aa kama dhahabu. Likiwa chini ardhini halina neno, likichimbuliwa likapata hewa na maji linatengeneza asidi ya salfa, na kuna bakteria wanaoishi kwa kazi hiyohiyo ambao wanaiharakisha sana. Asidi inayeyusha metali nyingine kwenye mawe inakopita. Mzee anakumbuka kabisa ule mwaka walipopita kwenye mwamba mweusi, na anakumbuka walimwaga upande gani. Mchoro hauna hata alama, na sehemu ya mfereji wa kuingiza maji bwawani ilipangwa ichimbwe palepale, kwenye mawe yenyewe.

Uamuzi: hapo hapachimbwi. Panafunikwa kwa udongo ulioshindiliwa, panapewa mgongo ili mvua iteleze isiingie, na maji yanayovuja sasa yanakusanywa peke yake kwenye kidimbwi chenye kitambaa cha plastiki mpaka majibu ya maabara yatoke. Hayachanganywi na maji ya mvua, ukichanganya umepata bwawa zima la matatizo badala ya ndoo chache.

Sampuli kumi na mbili za mawe zimeenda leo.

Siku ya 6

Nimechora upya. Kuanzia asubuhi mpaka taa zinawashwa.

Bwawa moja kubwa limeondoka, yamekuja matatu madogo, yote kwenye ardhi ya asili pembeni ya lundo, hakuna hata moja juu ya kifusi. Mawili yanachukua hekta 5 na 6, la tatu linachukua 7 pamoja na yale yatakayofurika kutoka kwa wenzake. Kila moja mlangoni lina kidimbwi cha kupokelea ambako mchanga na kokoto zinaangukia kwanza, sehemu ambayo ekskaveta inafika bila kuingia majini. Urefu ni mara tatu ya upana na maji yanaingia ncha hii yanatokea ncha ile, ukiweka mlango karibu na mlango maji yanakatiza tu na bwawa lingine lote linakaa bure. Mawili ya juu yanakauka baada ya mvua. La tatu linabaki na maji, lina ukingo wa kina kifupi sentimita 15 hadi 30 wa kuotesha matete, na kingo zote mteremko wa moja kwa nne, yaani unashuka mita moja kwa kila mita nne za kwenda mbele, ili mtoto au mnyama akiteleza aweze kutoka mwenyewe. Hiyo moja kwa nne nimebishana nayo kwa simu, inakula ardhi na inaongeza kazi ya mashine. Sikubali iwe pungufu.

Mteremko wa lundo nao unabadilika, matuta yaliyonyooka yanaondoka. Vilima vya asili hapa jirani vimevimba juu na kulala chini, na mabonde yake yanapindapinda, tunafuata umbo hilo, mabonde madogo mengi kila moja lina maji kidogo. Udongo unaotawanyika unachanganywa jasi na kufunikwa na udongo wa juu na mawe kabla ya kupandwa, kwa sababu ile chupa imeshanionyesha kwamba ukiacha udongo huo ukafika kwenye maji umechelewa. Nimefanya na chupa ya pili, maji yaleyale, nikatia jasi kidogo ncha ya kijiko nikatikisa. Baada ya saa moja na nusu nikawa naona kidole changu upande wa pili.

Na njia ya kufurikia, yaani pale maji ya ziada yanapotokea bila kupita juu ya tuta. Kwa hili sina utani hata kidogo. Mwaka 1972, tarehe 26 Februari, kule Buffalo Creek, West Virginia, Marekani, bwawa la taka za makaa ya mawe lilijaa kwa mvua na halikuwa na njia ya kufurikia ya kutosha, likavunjika, watu 125 wakafa. Mabwawa yangu ni madogo sana kwa lile lakini fizikia haibadiliki, maji yakipita juu ya tuta la udongo tuta linakwenda, nimeona juzi kwa macho yangu.

Mchoro wa kwanza ulipima mvua ya mara moja kwa miaka kumi. Hiyo ni sawa kwa kutuliza tope, hata kanuni za makaa ya Marekani zinatumia mvua ya miaka kumi ya masaa 24. Lakini kwa kufurikia kwenye mgodi unaofungwa? Ndani ya miaka 30 uwezekano wa mvua ya miaka kumi kupitwa angalau mara moja ni asilimia 96. Hata ile ya miaka mia ni asilimia 26, robo nzima. Mgodi ukiwa unafanya kazi kuna mtu wa zamu atakimbia na pampu usiku. Ukifungwa hakuna zamu, hakuna pampu, hakuna mwenye ufunguo wa valvu. Kwa hiyo njia ya kufurikia nimeipima kwa mvua ya miaka mia, mita 3.6 za ujazo kwa sekunde kwa bwawa la tatu, upana mita 8.5, maji yatapita kina cha sentimita 40, na juu yake tuta limebaki na sentimita 60. Imechongwa kwenye ardhi ya asili pembeni ya tuta, imepangwa mawe, haina kitu kinachozunguka wala kufunguka. Miaka ya mwanzo maji yatatolewa na bomba linaloelea linalochota juu kwenye maji masafi, majani yakishika bomba linatolewa, tundu lake linazibwa vizuri, linabaki jiwe.

Siku ya 7

Pegi. Dada sevea ameanza na ya muhimu, kizingiti cha kufurikia cha bwawa la tatu, amepima mara tatu kutoka alama mbili tofauti, tofauti milimita 4. Safi.

Mzee ameanza tabaka la majaribio la sakafu. Alinionyesha anavyopima unyevu, anafinya udongo kiganjani unakuwa bonge, analidondosha kutoka usawa wa kiuno, likivunjika vipande viwili vitatu unyevu uko sawa, likisambaa ni kavu, likibamizika ni bichi. Baadae maabara ya saiti ikapima sehemu ileile, unyevu uko ndani ya kiwango. Tabaka sentimita 20, rola yenye meno inapita mpaka udongo unakaza na meno hayazami tena. Nimemwomba awafundishe vijana wawili hivyohivyo.

Majibu ya mawe bado. Mpaka yafike eneo la chungwa limezungushiwa utepe na mashine haziingii, nimesaini mwenyewe.

Kabla ya kuondoka nimepita ofisini kuchukua bomba la michoro. Chupa ya pili maji yake meupe, tope jekundu limelala chini. Ya kwanza ni siku ya saba, inapenyeza mwanga kidogo lakini kidole bado sikioni. Nimeziacha zote dirishani, nimeandika tarehe kwenye vizibo, dada sevea amesema atanitumia picha kila asubuhi.